Kutoka Wodini, Sehemu ya 9: Nesi, huku kwetu mazoezi ya ndani yako wapi?



Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya kliniki ya watoto. Mama mmoja kaleta mtoto wa wiki 14 kwa chanjo. Sindano ikapigwa, mtoto akalia, akanyamaza, nikadhani tumemaliza. Mama akabaki amesimama. Akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo: "Nesi, hivi hapa Ngara mtu akitaka mazoezi ya ndani, ya bei ya mtu wa kawaida, anaenda wapi?"

Nilicheka. Namwomba radhi hapa mbele yenu, maana yeye hakucheka.

Nilicheka kwa sababu alikuwa kapanda mlima na mtoto mgongoni kufika pale. Si mnaijua Ngara yetu, ukitoka nyumbani ni mlima, ukirudi ni mlima. Hata bibi yangu wa Rulenge ukimwambia habari za kulipia mazoezi atakuuliza kama jembe limekatazwa. Na bibi ana hoja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, na kulima, kuchota maji, kutembea kwa haraka, vyote vinahesabiwa. Mama anayelima kutwa nzima huyo dakika zake kazimaliza Jumatatu. Huyo mie simwambii aruke ruke, namwambia akalale.

Lakini yule mama akaniambia: "Kutembea natembea. Nataka mahali pa kwenda saa moja tu, ambapo hakuna mtu ananiita."

Basi nikaacha kucheka. Nikamwambia arudi nikitoka zamu, nikamweleza yote ninayowaeleza leo.

Kwanza niwaambie nilikotoka. Kabla ya kuhamia Ngara nilikuwa Biharamulo. Kule tulikuwa na kikundi cha kukimbia alfajiri, watumishi wa afya na walimu, bure kabisa. Mnakumbuka mwishoni mwa 2016, Mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais, alihimiza nchi nzima tufanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Na sisi tukaitika. Tukakimbia wiki ya kwanza, wiki ya pili. Wiki ya tatu lori likatupita karibu sana kwenye giza mpaka mwenzetu mmoja akaangukia mtaroni. Barabara zetu hizi ndizo njia ya mizigo ya Rwanda na Burundi, malori hayalali. Masika nayo yakaingia. Kikundi kikafa, na hakuna aliyetangaza msiba.

Nilipojifungua mtoto wa pili nikiwa Ngara, nikasema safari hii nataka ndani. Penye paa, penye taa, pasipo na vijana wa bodaboda wa kuhesabu nyama zinavyotikisika. Jimu ya kulipia kama za Mwanza sikuiona. Nilichokiona ni ukumbi wa kanisa ambao Jumanne na Alhamisi jioni hauna kwaya, hauna kikao, una popo tu. Na kuna kijana mwalimu wa michezo anayejua erobiki vizuri, ana spika yake, na mshahara wake hautoshi.

Nikamfuata. Akasema shilingi 2,000 kwa kila mtu kwa kila siku. Nikapiga hesabu, mara mbili kwa wiki ni 16,000 kwa mwezi. Nani kwetu atatoa 16,000 kwa ajili ya kutoka jasho? Tukavutana, tukakubaliana nimpe 15,000 kwa jioni moja, tuwe wangapi tuwe wangapi. Ukumbi wakataka 5,000 ya umeme na kufagia. Jumla 20,000. Nikajiona mjanja: tukiwa 20 kila mtu ni buku moja tu!

Siku ya kwanza tukawa saba. Gawanyeni wenyewe, ni kama 2,900 kila mmoja, yaani ghali kuliko bei niliyoikimbia. Wiki ya pili tukawa watano. Hiyo jioni nilijazia kutoka kwenye hela ya mboga, na nyumbani nikaulizwa mboga iko wapi. Nikajibu vibaya, nikajibiwa vibaya zaidi. Tuliyaongea baadaye yakaisha, lakini nawaambia ili mjue kwamba punguzo nalo lina gharama zake likikosewa hesabu.

Aliyetutoa pale ni mama mmoja muuza maharage, hana diploma wala nini. Akasema, "Nesi, tatizo unadai hela siku ya mazoezi. Siku hiyo kila mtu ana shida. Dai siku ya kikoba." Kumbe! Siku ya kikoba kila mwanamke kaja na hela mkononi, na mwenzake anamwona. Tukapeleka wazo kwenye vikoba viwili. Kila anayetaka atoe 6,000 kwa mwezi, mara moja, mapema. Wakajiandikisha 24. Hiyo ni 144,000. Nikarudi kwa mwalimu na hela taslimu: kaka yangu, 100,000 ya mwezi mzima, unaipokea leo, mvua inyeshe au isinyeshe. Akapokea. Ukumbi nao wakakubali 30,000 kwa mwezi, maana hata wao walikuwa hawapati chochote jioni zile. Ikabaki 14,000, ikaenda kwenye sabuni ya kusafisha na akiba, na kina mama wawili wasio na uwezo wakaingia bila kulipa, na hatuwataji ni akina nani. Ukigawa 6,000 kwa jioni nane ni 750. Ni bei ya nyanya za siku.

Watoto je? Hapo ndipo wengi wanakwama. Sisi tuna zamu. Kila jioni mama mmoja harukiruki, anakaa kona ya ukumbi na mikeka, kanga na wadogo wote. Anayenyonyesha anatoka kwenye mstari, ananyonyesha, anarudi. Wakubwa kidogo wanaruka na sisi, wanaharibu mstari, mwalimu amezoea. Watoto wa mwaka mmoja hadi minne wanahitaji angalau saa tatu za kujongea kwa siku, kwa hiyo waacheni wavuruge.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa.

Mwezi wa pili mama mmoja akaacha kuja. Alikuwa kajifungua kwa upasuaji, na niliyemvuta ni mimi. Nilimpitia hadi nyumbani, nikamwambia njoo utarudi kama zamani. Mtoto alikuwa na wiki nane. Nikamwuliza kila kitu isipokuwa swali moja ambalo mimi nesi nilipaswa kuanza nalo. Nilipomfuata alikataa kutoka nje. Mama mkwe akasema anaumwa tumbo. Siku ya tatu akanifungulia, akalia, akasema: "Dada, nikiruka mkojo unatoka. Alhamisi ile ulitoka mpaka chini. Nilifuta na kanga nikaondoka."

Mnajua nilimjibu nini? Nilitaka kumpa somo la darasani. Badala yake nikamwambia ukweli ambao mume wangu alikuwa haujui: na mimi tangu nimzae wa pili nilikuwa naruka nimevaa pedi. Jioni zote zile, mbele ya watu, kiongozi wa mazoezi, na pedi ndani.

Alhamisi iliyofuata nikamwomba mwalimu atoke nje dakika 15. Nikawaambia wenzangu habari yangu, ya kwake sikuigusa. Kimya. Halafu muuza maharage akasema, "Na mimi nikikohoa." Mwingine akasema yeye akicheka. Wakaanza kucheka, na nadhani kuna waliovuja palepale. Tulipohesabu mikono, zaidi ya nusu yetu tulikuwa nayo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Sikilizeni basi, hii ndiyo sehemu ya kusoma taratibu. Mimba na kuzaa vinalegeza misuli ya chini, ile inayoshika kibofu, mji wa mimba na njia ya haja. Hata aliyepasuliwa imemlegea, kwa sababu alibeba mzigo miezi tisa. Inakazwa hivi: kaa au lala, jifanye unazuia mkojo na hewa kwa wakati mmoja. Usibane mapaja, usibane makalio, usizuie pumzi. Shika ukihesabu hadi tano, achia ukihesabu hadi tano. Rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, hata ukiwa kwenye foleni ya maji, hakuna atakayejua. Ukizoea ongeza hadi kuhesabu kumi. Usifanye mazoea ya kuukatiza mkojo ukiwa chooni, siyo vizuri. Na usikate tamaa wiki ya pili, inachukua kama miezi mitatu kuona tofauti. Mimi ilinichukua karibu minne, maana nilikuwa nasahau.

Kutembea taratibu unaweza kuanza siku chache baada ya kujifungua ukijisikia vizuri. Aliyepasuliwa asubiri wiki sita hadi nane na aonwe na daktari kabla ya mazoezi mazito. Kuruka na kukimbia ngojeni angalau miezi mitatu, wote. Ukiona damu imeongezeka, kichwa kinauma sana, macho yana ukungu, kifua kinabana, au mguu mmoja umevimba na unauma, achana na erobiki, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kama mkojo unatoka wakati wote, usiku na mchana, bila kukohoa wala kuruka, hasa baada ya uchungu uliochukua muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula. Siyo laana na siyo mkosi wa ukoo. Inatibika. Bugando Mwanza na CCBRT Dar es Salaam wana miaka mingi ya kuitibu. Mwambie nesi yeyote, akielekeze.

Mama yule alirudi mtoto akiwa na miezi minne na nusu. Sasa yeye ndiye anaongoza dakika kumi za mwanzo, tukiwa tumelala chini, kabla ya muziki. Mwalimu anasubiri nje.

Haya, hayo yalikuwa ya mwili. Kuna na burudani, na hapo nina kesi nyingine.

Mwanangu mkubwa yuko darasa la tatu. Usiku mmoja niko zamu, jirani akanipigia kwamba kamwona kwenye kibanda umiza saa tatu usiku, katikati ya wanaume, filamu inaonyesha watu wanachinjana. Alilipa shilingi 200 aliyobakiza dukani. Dada wa nyumbani alijua yuko kwa jirani. Sikuweza kuondoka wodini, nilikuwa na wazazi wawili wanasukuma. Nilifanya kazi na mikono, moyo uko kibandani.

Asubuhi nilifika na fimbo kichwani. Akaniuliza, "Mama, sasa mtoto anaenda wapi?" Hakuwa jeuri, alikuwa anauliza. Nikakosa la kumjibu, na fimbo ikaishia kichwani.

Nilikwenda kwa mwenye kibanda nimejiandaa kugombana. Nikamkumbusha kwamba filamu zina madaraja ya umri, Bodi ya Filamu ndiyo inayapanga, na mtoto wa miaka tisa usiku ule hakupaswa kuwa ndani. Akasema, mama, mimi nauza, mlangoni siwezi kuuliza cheti cha kuzaliwa. Nikaangalia kibanda mchana ule: saa nane, mabenchi matupu, luninga imezimwa. Ni kama ule ukumbi wa popo. Nikamwambia, Jumamosi saa nane hadi saa kumi hupati hata mia. Nikuletee watoto 30, kila mmoja 200, uonyeshe katuni au mpira, na mama mmoja akae ndani. Na wewe usiku usiwapokee. Akafikiri, akakubali. Sharti langu la nesi lilikuwa milango na madirisha yote wazi, maana vibanda vyetu vina joto na kikohozi, na kifua kikuu kinapenda hewa iliyofungwa. Mtu akikohoa wiki mbili aende akapime, kipimo na dawa ni bure.

Usiku bado anawapokea baadhi. Sitawadanganya. Lakini wa kwangu hajarudi, na nikiwa zamu baba yake anamhesabu kitandani.

Mwenye kibanda huyohuyo ndiye aliyetukatalia Julai 2025. Twiga Stars walikuwa Morocco kwenye fainali za Afrika za wanawake, na sisi wa erobiki tukataka kuona mechi yao na Afrika Kusini, mabingwa watetezi. Akasema mpira wa wanawake nani atalipa? Tukamuuliza wanaume wanalipa ngapi. 500. Tukamwambia sisi 300, lakini tunakuja 30 na tunalipa sasa hivi. Tukaja 31. Sare ya 1-1! Tulipopata bao, nadhani walisikia hadi Kabanga. Na nyumbani kwetu usiku ule baba ndio waliolaza watoto. Mmoja alinipigia simu dakika ya 60 kuuliza uji wa mtoto uko kwenye chupa gani. Nikamwambia ile ya bluu.

Michezo ya kuigiza nayo watu huniambia Ngara haipo. Ya kukata tiketi, kweli haipo. Ila mimi mchezo wa kwanza wa kuigiza niliujua kwa sikio. Mama alikuwa na redio ya mkulima, na Redio Tanzania walianza Twende na Wakati mwaka 1993. Mkwaju dereva wa malori na mkewe Tunu tuliwajua kama majirani. Mama alikuwa anapika kimya kabisa, na nikiongea napewa kofi la hewa. Mambo mengi ya uzazi wa mpango aliyojua mama yangu aliyapata kwa Tunu kabla ya kuyapata kliniki. Sasa mie nikipata mchezo mzuri redioni, nazima simu, tunasikiliza wote wanne. Gharama yake ni betri.

Halafu kuna ngoma. Kikundi kikija harusini utalipia mchango wa harusi, nguo ya sare na zawadi. Lakini hicho kikundi kinafanya mazoezi mahali, na kuangalia mazoezi ni bure! Cha huku kwetu kinakutana Jumapili alasiri kwenye darasa la shule mvua ikinyesha. Wazee hawafukuzi watoto, wanawapa vijiti wapige kwenye ndoo. Ngoma za wenzetu Warundi, ng'ambo tu hapo, UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Watu wanapanda ndege kuja kuziona, na sisi tunaoishi mpakani tunalalamika hakuna pa kupeleka watoto.

Na Krismasi kanisani, mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. Msidharau. Mwaka jana mwanangu alikuwa kondoo wa pili, alifanya mazoezi ya kondoo mwezi mzima sebuleni.

Mkitaka kuanzisha kwenu, Rusumo, Kabanga, Nyakanazi, popote, msianze kwa kutafuta jimu. Tafuteni chumba kinacholala tupu jioni, darasa, ukumbi wa kijiji, hata ghala la mazao likiwa halijajaa. Muulizeni mwenye nacho mkiwa na hela mkononi na idadi ya watu. Mkikataliwa, rudini baada ya mwezi. Na siku ya kwanza kabla ya muziki, ulizeni lile swali nililolisahau.

Yule mama wa wiki 14 alikuja Alhamisi. Mtoto alikaa kona na wenzake, akalala dakika 40. Mama hakuruka, alifanya ya kulala chini na ya kutembea papo hapo. Tulipomaliza alibaki amekaa sakafuni na macho yamefungwa, nikadhani kasinzia. Nikamwuliza kama yuko salama. Akasema, "Usiniite."

Jumanne hii zamu ya mikeka ni yangu. Atakayekuja aje na kanga ya ziada, ile ya wiki iliyopita bado haijakauka.